Kipimo cha Damu na Mtu Aliyepimwa

Wasomaji wetu, mwezi huu twapenda kunena juu ya neno moja ambalo limekuwa zito katika nyumba zetu, yaani neno "kupima". Mama hupima unga, seremala hupima ubao, na mwenye duka hupima sukari, wala hapana mtu ashtukaye. Lakini ikisemwa ya kuwa fulani "amekwenda kupima", watu hupunguza sauti zao. Na ikisemwa ya kuwa "amepima akaonekana", wengine hudhani wamekwisha kuyajua maisha yake yote, yaliyopita na yajayo. Jambo hili si dogo. Kwa ajili ya karatasi moja ya kipimo ndoa zimevunjika, watoto wamekatazwa shule, na watu wengine wamejificha na ugonjwa wao hata dawa zikachelewa kuwafaa.

Twaona ya kuwa sehemu kubwa ya shida hii yatoka katika kutokujua. Watu wengi hawajui kipimo hiki kilitengenezwa kwa kazi gani, wala kinatazama nini ndani ya damu. Kwa hiyo tutasimulia habari zake tangu mwanzo, ili ninyi waalimu mpate kuwaeleza wanafunzi wenu wakubwa, na ninyi wazazi mpate kuzungumza na watoto wenu jioni. Neno tunalotaka mlishike katika habari zote zifuatazo ni hili: kipimo cha kwanza kilitengenezwa ili kuchuja damu iliyo katika chupa. Kuwahukumu watu ni kazi waliyokiongezea watu baadaye.

Siku za kabla ya kipimo

Tarehe 5 Juni 1981 idara ya afya ya Marekani ilitangaza habari za vijana watano wa Los Angeles waliougua homa ya mapafu ya namna isiyowapata watu wenye nguvu zao. Wawili kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Mwaka uliofuata, yaani 1982, ugonjwa uleule ulionekana kwa watu wenye hemofilia, ambao damu yao haigandi vema wakijeruhiwa, nao hutumia dawa iliyotengenezwa kwa damu ya watu wengi. Tena ulionekana kwa mtoto mchanga aliyekuwa ametiwa damu hospitali. Ndipo madaktari wakafahamu ya kuwa ugonjwa huu waweza kupita katika damu.

Lakini wangeitambuaje damu mbaya? Mtu aliyeambukizwa aweza kukaa miaka mingi, hata 8 au 10, akilima, akifanya biashara na kulea watoto, bila dalili yo yote. Mtu huyo akienda kutoa damu kwa moyo mwema ili amsaidie mgonjwa, hapana jicho la daktari liwezalo kujua.

Huku kwetu nako msiba ulikuwa umekwisha kuingia. Katika nchi ya Rakai, magharibi ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda, watu walikuwa wakikonda, wakiharisha na kufa, nao wenyeji wakauita ugonjwa huo "Slim" kwa sababu ya kukonda kule. Katika Tanzania wagonjwa wa kwanza walitambulikana mwaka 1983 katika mkoa wa Kagera, jirani na Rakai. Hapana mtu wakati ule aliyeweza kusema kwa hakika kwamba ugonjwa wa Kagera na ugonjwa wa Los Angeles ni mmoja.

Mwaka huohuo wa 1983, huko Paris, wataalamu wa Taasisi ya Pasteur, nao ni Françoise Barré-Sinoussi, Jean-Claude Chermann, Luc Montagnier na wenzao, walitangaza kwamba wameona kirusi kipya katika mwili wa mgonjwa mmoja. Mwaka 1984 Robert Gallo na wenzake wa Marekani walieleza ya kuwa kirusi cha namna hiyo ndicho kiletacho ugonjwa, tena walikuwa wamepata njia ya kukikuza kwa wingi katika chembe za damu zilizolelewa chupani. Kulikuwa na mashindano makali kati ya pande hizi mbili juu ya nani aliyetangulia, na juu ya fedha za kipimo, hata mwaka 1987 wakuu wa Marekani na Ufaransa wakapatana kugawana heshima na mapato. Sisi hapa tutashika jambo moja tu: kipimo hakikuweza kutengenezwa mpaka kirusi kimepatikana kwa wingi, kwa sababu vipande vya kirusi chenyewe ndivyo chambo cha kipimo.

Kipimo chatazama nini

Mgeni mbaya akiingia mwilini, mwili huunda vitu vidogo sana vya kumkabili, navyo twaviita kingamwili. Kila namna ya kingamwili huundwa kwa mfano wa mgeni mmoja, kama ufunguo uundwavyo kwa kitasa chake. Kwa kirusi hiki kingamwili huundwa kwa wingi, lakini hazikiwezi kukiondosha. Hubaki katika damu pamoja nacho.

Basi kipimo cha kwanza, ambacho mafundi hukiita elisa, hakikutafuta kirusi. Kilitafuta kingamwili. Mafundi walibandika vipande vya kirusi juu ya plastiki, wakamimina maji ya damu ya mtu. Kama mna kingamwili za kirusi hicho, hushikana na vile vipande. Kisha waliosha. Yasiyoshikana yakaenda na maji. Halafu walitia dawa ishikanayo na kingamwili za watu, wakaosha tena, na mwisho wakatia dawa ya kugeuza rangi. Rangi ikitokea, ni ishara ya kuwa kingamwili zimebaki. Na rangi ikizidi kuwa nzito, ni ishara ya kuwa zilizoshikana ni nyingi. Mashine ilisoma uzito wa rangi, na mafundi walikuwa wameweka mpaka: juu yake damu hukataliwa, chini yake damu hukubaliwa.

Mkulima akiamka asubuhi akakuta nyayo za nguruwe katika shamba lake la mihogo, hajamwona nguruwe mwenyewe. Nyayo zamwambia kwamba nguruwe ameingia. Hazimwambii aliingia saa ngapi, wala alipitia upenyo gani wa ua, wala ni nani aliyeacha upenyo ule. Tena katika tope nyayo za mbuzi zaweza kudanganya macho zikadhaniwa ni za nguruwe. Kipimo cha kingamwili ni kusoma nyayo. Ni kazi yenye manufaa makubwa, lakini yataka msomaji ajuaye mipaka yake.

Kazi kiliyopewa kipimo

Tarehe 2 Machi 1985 serikali ya Marekani ilitoa idhini ya kipimo cha kwanza, kilichotengenezwa na kampuni ya Abbott. Maelezo yake yalikuwa wazi: ni kipimo cha kuchuja damu inayotolewa, wala kisitumiwe peke yake kusema kwamba mtu ana UKIMWI. Vituo vya damu vilianza kukitumia mara moja.

Sasa tafakarini juu ya ule mpaka wa rangi tuliousema. Mama apepetaye mchele wenye mawe hutupa mawe, na pamoja na mawe hutupa punje kadha wa kadha zilizo njema. Hasikitiki, kwa kuwa jino la mtoto lina thamani kuliko punje kumi. Wenye kuchuja damu walifanya vivyo hivyo. Waliuweka mpaka chini kabisa, ili damu yenye kirusi isipite, wakijua kwamba chupa nyingine njema zitatupwa. Kwa chupa, hasara hiyo yavumilika. Lakini kila chupa iliyotupwa ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hawezi kutupwa kama punje ya mchele.

Hapa waalimu wataona somo zuri la hesabu. Tuchukue mfano tu, si hesabu ya mji wo wote. Watu 10,000 wametoa damu, na kati yao 10 wana kirusi. Kipimo chawakamata wote 10. Lakini katika hao wengine 9,990 kipimo chakosea mara moja kwa kila watu 200, yaani chawatia alama watu 50 wasio na kirusi. Basi watu 60 wametiwa alama, na walio na kirusi kweli ni 10 peke yao, mmoja katika kila sita. Sasa geuza mfano. Katika mji mwingine wenye kirusi ni 2,000 kati ya 10,000. Kipimo kilekile, chenye kosa lilelile, chawakamata hao 2,000, na katika 8,000 waliobaki chakosea kwa watu 40. Hapa waliotiwa alama ni 2,040, na karibu wote wanacho kirusi. Kipimo hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni watu waliopimwa. Kwa hiyo asemaye, "Kipimo kimesema, yatosha," hajauliza swali la pili lililompasa kuuliza.

Makosa yalitoka wapi

Kosa moja lilitoka katika namna ya kukikuza kirusi. Kwa kuwa kilikuzwa ndani ya chembe za binadamu, vipande vya chembe zile vilichanganyika na vipande vya kirusi juu ya plastiki. Sasa mwanamke aliyezaa mara nyingi huweza kuwa na kingamwili juu ya chembe za watu wengine, kwa sababu amechukua mimba zenye damu ya baba zao. Kadhalika mtu aliyetiwa damu mara nyingi. Damu ya watu hao iliweza kushikana na zile chembe, rangi ikageuka, na kumbe kirusi hakimo. Fikirini neno hilo: mama wa watoto saba angeweza kutiwa alama kwa sababu ya uzazi wake.

Kosa jingine lilitokea huku kwetu Afrika. Wachunguzi walichukua damu ya watu wa vijijini, nyingine iliyokuwa imehifadhiwa miaka mingi, wakaipima kwa vipimo vya kwanza, wakaona hesabu kubwa za kutisha. Lakini uchunguzi mmoja wa mashariki ya Kongo, nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, uliochapishwa mwaka 1985, ulionyesha ya kuwa damu yenye kingamwili nyingi za malaria ndiyo iliyoelekea zaidi kugeuza rangi. Nyayo za mbuzi zilikuwa zimesomwa kuwa za nguruwe.

Kwa hiyo damu iliyotiwa alama na kipimo cha kwanza ilipasa kupimwa tena, kisha kuthibitishwa kwa kipimo cha namna nyingine. Kipimo hicho kiliitwa westani bloti, ambacho hutenga vipande vya kirusi kimoja kimoja, ili ionekane wazi ni vipande gani vilivyoshikwa na kingamwili. Kilikuwa cha gharama na cha kazi nyingi, na hospitali nyingi za nchi zetu hazikuweza kukipata.

Yatupasa tuseme wazi jambo moja hapa. Wako watu waliochukua habari za makosa hayo wakasema kwamba ugonjwa wenyewe ni uongo. Hawakusema kweli. Mwaka huohuo wa 1985 madaktari wa Uganda na wenzao walichapisha habari za wagonjwa wa Slim, wakaonyesha kwa kipimo cha kingamwili ya kuwa ugonjwa wao umefungamana na kirusi kilekile kilichojulikana Paris na Marekani. Makaburi ya Rakai na Kagera hayakuchimbwa na kosa la kipimo. Mtu akisoma nyayo vibaya siku moja, haifuati kwamba hakuna nguruwe porini.

Tena kulikuwa na kosa la upande wa pili. Mwili hauundi kingamwili siku ileile ya kuambukizwa. Kwa vipimo vya kwanza majuma mengi yaliweza kupita kabla ya rangi kutokea. Katika majuma hayo mtu ana kirusi, aweza kumwambukiza mwingine, na kipimo chasema hana. Ndiyo sababu vituo vya damu havikutegemea kipimo peke yake, bali viliendelea kuwauliza watoaji maswali na kuwaomba walio hatarini wasitoe damu.

Watu walisikia nini

Kipimo kilipotangazwa, watu wengi hawakusikia habari za chupa. Walisikia kwamba sasa mtu aweza kujua. Katika Marekani wakubwa waliogopa kwamba watu wenye hofu watakwenda vituo vya damu ili wapate kupimwa bure, na kwa njia hiyo kuleta damu mbaya zaidi. Kwa hiyo mwaka 1985 serikali ilitoa fedha za kuweka mahali pengine pa kupimia. Mahali pengi mtu aliruhusiwa kutumia namba pasipo kutaja jina, kwa kuwa watu waliogopa kwamba majina yao yakiandikwa watafukuzwa kazi na kunyimwa bima. Hofu yao ilikuwa na msingi. Tena wakati ule hapakuwa na dawa. Dawa ya kwanza, iitwayo AZT, ilipata idhini Machi 1987, na hiyo nayo peke yake haikutosha. Miaka miwili mtu alipewa habari nzito asipewe na cha kufanya nayo.

Ukali wa watu ulionekana katika habari za Ryan White, mtoto wa Indiana mwenye hemofilia, aliyeambukizwa kwa dawa iliyotengenezwa kwa damu. Ugonjwa wake ulijulikana Desemba 1984, kabla kipimo hakijatoka. Mwaka 1985, akiwa na miaka 13, alikatazwa kurudi shuleni, ijapokuwa wakuu wa afya walieleza kwamba ugonjwa hauambukizwi kwa kuketi pamoja darasani. Ilibidi mashauri yapelekwe mahakamani hata akarudishwa mwaka 1986. Alikufa tarehe 8 Aprili 1990, naye ana miaka 18. Lau kipimo cha chupa kingalikuwapo mapema, huenda asingaliambukizwa. Na lau watu wangaliyasikiliza maelezo, asingalifukuzwa.

Nchi ya Ufaransa nayo ilijifunza kwa uchungu. Upimaji wa damu yote inayotolewa ulianza huko Agosti 1985, miezi kadha baada ya kipimo kupatikana Marekani, na dawa za hemofilia zisizosafishwa kwa moto ziliendelea kutumiwa kwa muda mwaka huohuo. Watu wengi waliambukizwa. Mwaka 1992 mkuu wa zamani wa kituo cha taifa cha damu alitiwa hatiani na kufungwa. Mwaka 1999 mawaziri watatu wa zamani walishtakiwa. Wawili waliachiliwa, na mmoja alionekana na hatia lakini hakupewa adhabu. Twawaambieni habari hizi ili mtu asidhani ya kuwa twakidharau kipimo. Pale kilipocheleweshwa katika kazi yake halisi, watu walikufa.

Dawa ya kosa hili ilivyopatikana jirani

Twafurahi kusema ya kuwa jirani zetu wa Uganda walitangulia katika kuliponya jambo hili. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha chama cha TASO, cha kuwasaidia wenye kirusi na jamaa zao. Mwaka 1990 kituo cha habari za UKIMWI kilifunguliwa Kampala, nacho kilikuwa miongoni mwa vya kwanza katika Afrika kumpima mtu kwa hiari yake. Huko mtu alizungumza na mshauri kabla ya kutolewa damu, akaelezwa kipimo chaweza kusema nini na hakiwezi kusema nini. Kisha alizungumza naye tena alipopokea jibu. Jambo hilo twaliita ushauri nasaha, nalo limeenea katika nchi zetu zote. Kwa maoni yetu lilikuwa tengenezo kubwa kama tengenezo lo lote la maabara, kwa kuwa kipimo cha chupa kilipewa kwa mara ya kwanza adabu ya kukutana na mtu.

Mambo ya kushika nyumbani

Siku hizi vipimo ni bora sana kuliko vile vya 1985. Vipande vya kirusi hutengenezwa pasipo chembe za binadamu, kwa hiyo lile kosa la mama wa watoto wengi limeondoka. Hata hivyo vipimo vingi bado husoma nyayo, na mambo haya matano bado ni ya kweli.

La kwanza, kipimo kimoja hakitoshi. Tangu mwaka 1999 na kabla yake ilijulikana hivyo, na tangu 2019 Shirika la Afya Duniani lashauri vipimo vitatu mbalimbali vyenye jibu moja kabla mtu hajaambiwa kwamba ana kirusi. Katika mwaka huohuo wa 2019 Bunge la Tanzania liliruhusu mtu ajipime mwenyewe. Ni jambo jema. Lakini aonaye alama katika kipimo cha nyumbani na aende kituoni kuthibitisha, asianze kulia wala kugombana na mwenzake.

La pili, kimya cha kipimo kina muda wake. Vipimo vya haraka vya kingamwili huweza kuchukua hata siku 90 tangu kuambukizwa ndipo vionyeshe. Wachumba wanaotakiwa kuleta karatasi kabla ya ndoa, kama desturi ilivyo katika makanisa mengi, na wajue hivyo. Nao wazee wanaodai karatasi hiyo na wajue kwamba yaeleza damu tu, wala haielezi mwenendo wa bwana harusi wala wa bibi harusi. Aliyezaliwa na kirusi, na aliyeambukizwa na mume wake, na aliyetiwa damu mbaya, wote hupata karatasi moja na yule aliyeambukizwa kwa njia nyingine. Karatasi haina mahali pa kuandika sababu.

La tatu, mtoto mchanga huzaliwa na kingamwili za mama yake, nazo zaweza kukaa mpaka miezi 18. Kipimo cha kingamwili kikitiwa kwa mtoto wa namna hiyo husoma nyayo za mama. Hospitali zina kipimo kingine kitafutacho kirusi chenyewe, nacho hufanywa mtoto akiwa na majuma machache. Mama asikate tamaa kabla ya jibu hilo, wala asikawie kumpeleka.

La nne, mtu ameze dawa vizuri hata kirusi kisionekane katika damu, kingamwili zake hubaki. Kipimo cha kawaida kitaendelea kusema kwamba anacho, na hiyo si ishara ya kuwa dawa zimeshindwa. Kinyume chake, mara chache mtu aliye katika dawa huweza kupata jibu la "hana". Hiyo nayo si ishara ya kupona. Wako waliohubiriwa kwamba wamepona, wakaacha dawa kwa ajili ya karatasi moja, na kirusi kikarudi kwa nguvu. Ndugu zetu, maombi hayagombani na kidonge. Mwombeeni mgonjwa, naye ameze.

La tano, atumiaye dawa kwa uaminifu hata kirusi kisionekane kwa kipimo cha wingi wa virusi, hamwambukizi mwenzake katika tendo la ndoa. Neno hili halikujulikana mwaka 1985. Laiti lingalijulikana, nyumba nyingi zingalisimama.

Basi kama katika nyumba yenu, au katika darasa lenu, yuko aliyepokea jibu zito, msiulize kwanza amelipata wapi. Ulizeni kama amethibitishwa, kama ameanza dawa, na kama amekula. Maswali hayo matatu yana kazi. Lile la kwanza halina. Na ninyi ambao hamjapimwa, nendeni mkapime mkijua mnauliza nini. Kwa mwezi huu tunaishia hapa.